Msikilizaji, Mada, Mshtakiwa: Mamlaka na Maarifa ya Ujinsia katika Maandishi Matatu ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuna dai moja ambalo aghalabu halithibitishwi bali hurithiwa. Dai lenyewe ni kwamba ujinsia ulikuwa mwiko usiotajika katika jamii za pwani, kwamba lugha ya Kiswahili kwa wingi wa tafsida zake iliufunika kwa pazia zito, na kwamba ilibidi riwaya ya kisasa ije kulipasua pazia hilo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu mapenzi katika riwaya huanza kwa sentensi ya namna hiyo, kisha humtaja Michel Foucault katika aya inayofuata ili kuipa sentensi yake uzito wa nadharia. Kinaya ni kwamba Foucault aliandika kitabu kizima kulipinga dai hilo hilo.

Juzuu ya kwanza ya Historia ya Ujinsia, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1976, inaanza kwa kuhoji imani kwamba Ulaya ya karne ya 19 iliukandamiza ujinsia kwa kuunyamazia. Foucault anaonyesha kinyume chake. Kuanzia kitubio cha Kanisa hadi hospitali, shule na mahakama, watu walihimizwa kuusema, kuuainisha na kuuandikia kumbukumbu. Mamlaka, kwa maoni yake, si mkono unaoziba mdomo tu. Ni sikio pia linalotaka kusikia. Mhakiki anayeuchukua mkabala huu kwa dhati hana budi kuliacha swali la iwapo ujinsia ulisemwa au haukusemwa, na kuuliza badala yake: nani alisema, alimwambia nani, kwa idhini ya nani, na maneno yake yaliishia wapi?

Makala haya yanaliuliza swali hilo kwa maandishi matatu: Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903, na Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Maandishi haya hayatoki katika jamii moja. La kwanza lilitungwa na Mwislamu muungwana wa visiwa vya Lamu, la pili na mwalimu wa Bagamoyo aliyekuwa Berlin, la tatu na Mkatoliki wa Ukerewe, mbali na bahari. Kuyapanga kana kwamba ni ngazi tatu za historia moja kungekuwa kosa. Yanawekwa pamoja kwa sababu yanasomwa katika lugha moja na mara nyingi katika darasa moja, na kwa sababu katika kila moja yumo msichana anayeukaribia utu uzima na mtu mwingine anayejua asichokijua yeye. Kinachobadilika ni mahali alipowekwa msichana huyo.

Neno lenyewe "ujinsia" ni geni, na wazee wa pwani wasingelitumia. Wangesema mambo ya unyumba, mambo ya faragha, mambo ya ndani. Kukosekana kwa neno moja la jumla si dalili ya kukosekana kwa maarifa. Huenda ni dalili kwamba maarifa hayo yalikuwa na wenyewe. Inafaa kukumbuka pia kwamba Biblia ya Kiswahili imeufuata mtindo wa Kiebrania wa kuliita tendo la ndoa "kujua", na kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya ya mwaka 1930, iliyorithi lugha ya sheria ya Uingereza, nayo ilililitaja tendo hilo kama namna ya maarifa ya kimwili. Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipokataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 isingeweza kuukwepa msamiati huo. Ilipofanya hivyo mwaka 2019, ilikuwa ikiisoma lugha ile ile ya kikoloni, ambamo kujua ni kosa au si kosa kutegemea anayejua ni nani na anayejuliwa ni nani.

Mama na kalamu

Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mume alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, akiwa mgonjwa na akijua kwamba hana muda, Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia wa beti mia moja na mbili. Anamwita akae karibu, alete wino na karatasi, aandike. Kwa hiyo tangu mwanzo binti ni msikilizaji na mwandishi kwa pamoja. Maarifa yanapita kutoka kinywani mwa mwanamke hadi mkononi mwa mwanamke, bila ya mwanamume yeyote kuwa katikati.

Hadhi hiyo ya utenzi imefunikwa kwa muda mrefu na anwani tu. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliuita kwa Kiingereza nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo wajibu umekuwa ndio mlango wa kuingilia. Wahakiki waliofuata wameingia kwa mlango huo, wengine wakisifu adabu ya mke mwema, wengine, hasa tangu miaka ya 1980, wakilaani taasubi ya kiume iliyomo. Pande mbili hizi zinagombana juu ya thamani ya wajibu, lakini hazigombani juu ya anwani. Ann Biersteker alipendekeza mwaka 1991 kwamba utenzi uangaliwe upya kwa kuzingatia uhusiano wa lugha na mamlaka, na pendekezo hilo bado halijatumiwa vya kutosha katika idara za Kiswahili nchini.

Yanayosemwa juu ya mwili katika utenzi huu si machache. Binti anafundishwa namna ya kumlaza mume, kumkanda, kumpepea, kumwamsha bila ya kumshtua, kumnyoa na kumpanga ndevu, kumfukiza udi. Anafundishwa kujipamba mwenyewe kama bibi harusi, siku zote na si siku ya arusi pekee. Hakuna tusi wala tendo linalotajwa kwa jina lake, na mhakiki wa haraka ataiita hali hiyo ukimya. Lakini kila mwenye kujua chumba cha kulala cha pwani, na harufu yake, anaelewa ni saa ngapi ya usiku inayozungumziwa. Tafsida hapa haimfichi jambo msikilizaji aliyekusudiwa. Inamchuja msikilizaji ambaye hakukusudiwa. Mtoto atasikia habari za usafi. Mwari atasikia habari nyingine.

Palipo na uzito zaidi ni pale Mwana Kupona anaposhauri mume atunzwe mithili ya mtoto mdogo ambaye bado hajajua kusema. Ubeti huo umezoea kupitwa kama mfano wa upole. Ukizingatiwa kwa makini, unaigeuza nyumba juu chini. Mume, ambaye ridhaa yake ndiyo itakayoamua makao ya mke siku ya kiyama, anafananishwa na kiumbe asiye na lugha. Yeye hajui, anajuliwa. Mke ndiye anayesoma uso wake, usingizi wake, njaa yake, na ndiye anayeamua lini aguswe na lini aachwe. Mamlaka yamo mkononi mwa mume, kwa sheria na kwa dini, na utenzi haudai vinginevyo hata mara moja. Lakini maarifa yamo mkononi mwa mke. Foucault amewazoeza wasomaji wake kuyaona mamlaka na maarifa kama vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja, kila kimoja kikizalisha kingine. Katika nyumba ya Siyu kamba hiyo ina watu wawili, mmoja kila ncha, na kila mmoja anavuta kivyake.

Foucault mwenyewe alizitaja jamii za Kiarabu na Kiislamu miongoni mwa zile ambazo, tofauti na Ulaya yenye sayansi ya ujinsia, zilikuwa na sanaa ya mahaba iliyorithishwa kwa siri kutoka kwa bingwa hadi kwa mwanafunzi. Mwaka 1983 alikiri katika mahojiano kwamba ulinganisho ule wa mwaka 1976 ulikuwa mojawapo ya makosa ya kitabu chake. Utenzi wa Mwana Kupona unasaidia kuona kwa nini. Haumo katika fungu la sayansi, kwa kuwa hakuna anayeungama wala anayechunguzwa. Haumo katika fungu la sanaa ya raha pia, maana kila kinachoelekezwa mwilini kimezungukwa na dua, na sehemu kubwa ya mwisho ni maombi kwa Mungu. Wala si siri: mtunzi anawaalika wanawake wengine wausome. Ni maarifa ya daraja. Yanatolewa na mwenye cheo kwa mwenye kukirithi.

Na hapo ndipo panapozuka jambo ambalo watetezi wa Mwana Kupona hawapendi kulikalia. Katika wasia huo huo binti anakatazwa kuandamana na watumwa nje ya saa za kazi, kwa kuwa watampotosha. Utafiti wa Margaret Strobel juu ya wanawake wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, umeonyesha jinsi wanawake wenye asili ya utumwa walivyokuwa na nafasi kubwa katika ngoma na mafunzo ya wari, hata katika nyumba za waungwana. Kungwi aliyemfunza bintiye muungwana mambo ya unyumba angeweza kuwa mtu ambaye, mchana, hakuruhusiwa kukaa naye kibarazani. Likisomwa mkabala na habari hiyo, katazo la Mwana Kupona si la maadili matupu. Ni mama muungwana anayetaka maarifa ya mwili yapitie kwake, kwa wino na kwa jina la Mungu, na si kwa kijakazi, kwa ngoma na kwa vicheko. Ushindani wa kumiliki maarifa ya ujinsia ulikuwepo baina ya wanawake wenyewe kabla ya mmisionari yeyote kufungua daftari lake. Utenzi umetufikia kwa kuwa uliandikwa. Mafunzo ya kijakazi hayakuandikwa na wanawake waliokuwa nayo, na yalipoandikwa, mwenye kalamu hakuwa mwanamke.

Mwalimu wa Bagamoyo

Desturi za Wasuaheli ilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki na baadaye mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Mwandishi wake mkuu, hata hivyo, alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili katika chuo hicho hicho cha lugha za Mashariki kuanzia mwaka 1900. Kitabu kinaanzia uzazi hadi mauti, na katikati yake zimo habari za mwana aliyevunja ungo, za somo na kungwi, za jando na unyago, za posa na arusi.

Kama kipande cha nathari, Desturi ni miongoni mwa maandishi safi kabisa ya Kiswahili cha wakati wake, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wengi hukisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981 kabla ya kukiona kwa lugha yake. Lakini usafi huo una gharama. Mwari wa Mwana Kupona ana jina na ana mama. Mwari wa Desturi hana jina. Ni mwari yeyote, wa mwaka wowote, anayefanyiwa yale yanayofanyiwa wari. Aliyekuwa msikilizaji amekuwa mada. Kungwi bado yumo, lakini hasemi na mwari; anasimuliwa kwa msomaji ambaye hatamwona kamwe, na ambaye huenda alikuwa anajiandaa kwenda kuwa bwana shauri wa koloni.

Mtoro hakuwa msaliti wa siri za wanawake, kama ambavyo msomaji mwenye hasira angeweza kumwita. Mwanamume hakuingia unyagoni, na kwa hiyo aliyoyaandika ni yale ambayo jamii iliruhusu yajulikane nje ya uzio. Kuna nidhamu katika kalamu yake inayostahili heshima: anafika mlangoni na kusimama. Tatizo ni kwamba msomaji mpya hakujua kwamba amesimamishwa mlangoni. Alidhani hicho ndicho chumba. Kilichokuwa uso wa nje wa mafunzo kikawa, katika maktaba za Ulaya, ndiyo desturi yenyewe, na baadhi ya wahakiki wa leo wanaolalamikia upungufu wa mafunzo ya jadi wanahukumu chumba kwa kuutazama mlango.

Yaliyompata Mtoro mwenyewe yanalifafanua suala la mamlaka na maarifa kuliko ukurasa wowote wa nadharia. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, huko Berlin. Ndoa ilikuwa halali. Mwaka 1905 wawili hao walisafiri kurudi Afrika Mashariki, na wakuu wa koloni wakawazuia kushuka. Ikawabidi warejee Ujerumani. Mtu ambaye dola ilikuwa imenunua maarifa yake juu ya posa, mahari na arusi za Waswahili hakuruhusiwa kushuka na mke wake katika bandari ya nchi yake. Dola ilitaka kujua jinsi Mwafrika anavyooa. Haikuwa tayari kuona Mwafrika aliyeoa kinyume cha mpaka wa rangi. Ann Laura Stoler, katika kitabu chake cha mwaka 1995, amemlaumu Foucault kwa kuiandika historia ya ujinsia wa Ulaya kana kwamba makoloni hayakuwepo, na kisa cha Mtoro kinaonyesha nguvu ya lawama hiyo. Ujinsia wa mzungu wa Berlin na wa mwari wa Bagamoyo ulikuwa ukiandikwa katika majalada ya ofisi zilizotumikia dola moja.

Rosa na barua

Kutoka Berlin ya 1905 hadi Ukerewe ya Kezilahabi ni mbali, na Wakerewe si Waswahili wa pwani. Jambo la kuzingatiwa ni hili tu: katika Rosa Mistika hakuna kungwi. Hakuna mtu mzima hata mmoja ambaye kazi yake ni kumfundisha Rosa. Wapo watu wazima wengi ambao kazi yao ni kumchunga.

Zakaria, babake, ni mlevi mkali. Barua ya mvulana, Charles, inamfikia binti yake, naye anampiga vibaya. Barua ile ndiyo somo la kwanza la Rosa juu ya ujinsia, na linafundishwa kwa fimbo. Anachojifunza si mapenzi ni nini wala mwili wake una haki gani; anajifunza kwamba kuna jambo ambalo kila mtu analijua ila yeye, na kwamba kulikaribia ni kosa. Shuleni woga huo unakuwa dhihaka kwa wenzake. Baadaye, mbali na macho ya baba, anakimbilia kila alilokatazwa, na wanaume wenye vyeo, mkuu wa chuo akiwemo, wanamtumia bila ya aibu. Regina, mamake, ana huruma na hana sauti. Yeye ndiye aliyepaswa kusimama pale aliposimama Mwana Kupona, na kwamba hasimami si udhaifu wa uhusika bali ndiyo hoja ya riwaya: mama huyu hakupewa chochote cha kurithisha isipokuwa uvumilivu.

Wahakiki wamezoea kuigawanya lawama ya Rosa Mistika baina ya malezi makali na uhuru uliokithiri, kana kwamba mwandishi alikuwa akitafuta kiasi cha kati. Ufafanuzi huo ni mwepesi mno. Ukali wa Zakaria na ulegevu wa chuoni havikinzani. Vyote viwili vinamnyima Rosa kitu kile kile. Baba anataka kujua kila kitu kuhusu binti yake bila ya kumwambia chochote. Wanaume wa chuoni wanamjua kimwili bila ya kutaka kumjua kwa namna nyingine yoyote. Hata Charles anaporudi na kutaka kumwoa, jambo analotaka kulijua ni moja, yaani kama yu bikira, na akishalijua anaondoka. Katika riwaya nzima kila mtu ana maarifa juu ya Rosa. Hana mtu wa kuongea naye. Aliyekuwa msikilizaji Siyu, na mada Berlin, hapa ni mshtakiwa, na ushahidi dhidi yake ni mwili wake. Anajiua.

Kitabu chenyewe kilikumbwa na yale yanayomkumba Rosa: kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya uwazi wake kuhusu ujinsia. Waliokipiga marufuku walikuwa na nia ya kuwalinda wanafunzi, kama vile Zakaria alivyokuwa na nia ya kumlinda bintiye. Wakaikamata barua kabla haijasomwa. Ni halali kusema kwamba Kezilahabi hakuwa mwalimu wa unyumba, na kwamba kurasa zake hazina hekima ya mwili kama iliyomo katika wasia wa Mwana Kupona. Mwanamke katika riwaya hii hafurahii chochote kwa muda mrefu, na mwandishi, kijana Mkatoliki wa umri wa chini ya miaka thelathini wakati huo, anayatazama mapenzi kwa jicho linalotarajia msiba. Huo ni upungufu wa kweli. Lakini upungufu huo si sababu iliyotolewa ya kukizuia.

Na upo ukurasa mmoja ambao marufuku haikuuelewa. Sura ya mwisho haiishii kaburini. Inawapeleka Rosa na babake mbele ya Mungu, kesi ikasikilizwe huko. Kihakiki, sura hiyo imelaumiwa kwa kuuvunja uhalisia wa riwaya, na lawama hiyo ina msingi wake: ghafla msomaji anatolewa Ukerewe na kuwekwa katika mahakama ya mbinguni. Hata hivyo, ikisomwa kwa swali la makala haya, la nani anasema na nani anasikia, sura hiyo haina mbadala. Duniani Kezilahabi hakupata baraza wala chumba ambamo Rosa angesimama pamoja na Zakaria, na yeye akaulizwa.